Pakacha Saba

Uliza kanisa, watakuuliza: lipi?
Uliza Minara Miwili,
hata mtoto wa chuoni atakunyooshea kidole,
nawe utaiona hapohapo juu ya mapaa ya bati,
kisha utaipoteza ukianza kuifuata.
Ndivyo Mji Mkongwe ulivyo:
kikubwa huonekana kwa mbali,
ukikaribia huoni ila ukuta na nguo zilizoanikwa.

Nililifikia kwa mlango wa nyuma
na ndoo mbili, mwiko, na barua ya kazi
yenye maneno machache: *ufa, mnara wa kusini*.
Melkiori, mwenye funguo, aliitazama kofia yangu.
"Vua viatu ukipenda. Sisi hatuvui."
Nikavua. Mazoea.

Ndani mna baridi ya mtungi.
Matao yameinuka yakapokezana uzito,
hakuna linaloubeba peke yake.
Kubani wamechorwa manabii:
mmoja ameliwa uso na chumvi,
mwingine ameliwa na fundi aliyekuja kumtengeneza.
Bibi Ermelinda, Mgoa wa mwisho kichochoroni kwao,
anafuta vumbi kwenye kinanda.
"Yule asiye na uso," aliniambia,
"utotoni nilikuwa namwogopa. Sasa namhurumia."

Mchoro, wanasema, ulikuja kwa meli,
umeviringishwa ndani ya bomba la bati,
kazi ya Mfaransa ambaye jua la hapa hakulionja.
Alichora mistari. Hakuchora mawe.
Mawe yalichimbwa pwani, yakaja vichwani mwa watu,
wengine na karatasi za uhuru mfukoni,
wengine hawana karatasi wala mfuko.
Na chokaa ilichomwa Bungi
kwa Pandu wa Ussi, babu wa babu yangu:
magogo chini, matumbawe juu,
moto usiku kucha
mpaka jiwe lisahau kuwa jiwe.

Kwetu habari zake ni fupi,
huelezwa wakati wa kugawana urithi:
mapadri walibakisha pakacha saba.
Mtu akidai asicholipwa, tunamwambia,
"Ngoja pakacha saba."
Nimekua nikidhani ni methali.

Juu ya jukwaa nikabandua saruji.
Nani aliyeweka saruji hapa? Saruji haipumui.
Imeuziba ukuta kama mdomo chini ya kiganja,
na chumvi, kwa kukosa pa kutokea, imekula ndani.
Chini yake, chokaa ya kale, rangi ya jino,
nayo imekwaruzwa:
mistari minne, wa tano umeikata,
minne na mmoja, minne na mmoja,
mkono wa mtu anayehesabu kwa hasira.
Na pembeni, saba,
imesimama wima. Haikukatwa.

Nikamwita Melkiori. Akapanda akihema.
Nilipomweleza, alicheka mpaka njiwa wakaruka.
"Itie kwenye ankara!
Paroko atakuuliza riba ya miaka mingapi."

Sikuitia.
Sijui kama ni ukarimu au ni woga,
au sikutaka kuwanyang'anya wanangu
deni zuri kama lile.
Nikaulowesha ukuta, nikapaka chokaa,
nyembamba kwanza, kisha nene,
na ile saba nikaifunika mwisho,
mmoja mmoja.
Kengele ikalia karibu na sikio langu, meno yakatetemeka.
Nikashuka kwenda kuswali, vumbi mpaka kwenye kope.

"Umemaliza?" Bibi Ermelinda akauliza.
"Mimi nimemaliza. Chokaa bado.
Itakunywa hewa miaka na miaka
mpaka ikumbuke kuwa jiwe."
"Nina themanini na mbili," akasema. "Sitaiona."
Akakaa kwenye kinanda, akabonyeza ile sauti inayokwama,
akasikiliza,
akaibonyeza tena.